Shati la Agosti

Niseme mapema: mimi si mtu wa kushindwa vizuri. Jirani akipika chapati laini kuliko zangu, nakaa na kinyongo siku mbili. Haron, mume wangu, alilijua hilo tangu uchumba, ndiyo maana hajawahi kukubali kucheza drafti na mimi. Nalitaja sasa ili usije ukanihurumia kabla hujasikia yote.

Naitwa Eucabeth, ingawa hapa Nyansiongo kila mtu ananiita Mama Ian, kwa jina la mwanangu aliye shule ya bweni. Nauza dawa za ng'ombe na mbegu kwenye agroveti moja ya hapa sokoni. Haron yuko Kisii mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi na hurudi Ijumaa jioni. Katikati ya wiki nyumba ni yangu na cherehani yangu ya mguu.

Mambo yalianza mwezi wa Mei. Purity, ambaye tulisoma naye sekondari na sasa anafanya kazi ofisini huko mjini, aliona kwenye simu wanawake wa ng'ambo wanaojishonea nguo za kiangazi. Kila mwezi wanapewa vazi moja la kushona, mpaka jua likifika kabati limejaa na hakuna kilichonunuliwa. Akatukusanya wanawake wanane kwenye kundi la WhatsApp, akaliita Desemba Tumejishonea. Kiangazi chetu si ndiyo Desemba, mvua inapopumzika na watu wa Nairobi wanakuja nyumbani wamevaa vitu vya kutufanya tujifiche jikoni. Mwaka huu, Purity akasema, watatukuta tumejipanga.

Masharti yalikuwa machache. Ushone kwa mkono wako, fundi asikuguzie hata kola. Ulivae vazi lako mahali penye watu. Picha ifike kwenye kundi kabla ya mwezi kwisha, kisha tupige kura. Mei ilikuwa sketi ya lastiki, nikawa wa tatu. Juni blauzi ya mikono mifupi, nikawa wa pili. Julai gauni la mabega wazi lenye vifungo mbele. Hebu fikiria, Nyansiongo mwezi wa Julai, baridi ya kutoa moshi mdomoni, na mimi niko kwenye cherehani na sweta mbili na soksi za Haron, nashona gauni la mabega wazi. Haron alicheka mpaka chai ikamwagika. Na kura zilipohesabiwa aliyeshinda ni Jacinta wa Marani, ambaye matundu yake ya vifungo kumi na mawili yalikuwa yamelingana yote. Yangu yalionekana yametafunwa na mbuzi. Nilimpongeza Jacinta kwa maua matano ya kwenye simu, nikaizima simu, nikalia kwa hasira.

Chalenji ya Agosti ilikuwa hii: chukua shati kuukuu la mwanamume wa nyumbani kwako, uligeuze liwe blauzi yako ya jua. La mitumba halikubaliwi. Purity alitaka vazi liwe na historia, eti.

Haron ana mashati matatu. Mawili ni ya nailoni ile ya kuyeyuka ukiipigia pasi, na la tatu ni la harusi, akaniapia kwamba nikilitia mkasi nitarudi kwetu. Nilijaribu moja la nailoni. Kitambaa kiliteleza chini ya sindano, mshono ukavutika, nikafumua mara nne mpaka kikaanza kuchanika chenyewe. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Sasa nikueleze kuhusu Tata. Tata ni baba kwa lugha yetu, na ndivyo ninavyomwita baba mkwe wangu, mzee Zachariah. Mke wake alifariki kabla sijaolewa. Nyumba yake iko juu karibu na zizi, yetu iko chini karibu na majani chai, na kati ya nyumba hizo mbili kuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mkamwana hampi mkono, hakalii kiti chake, na nguo za mwili wake hazigusi. Siku hizi kuna maboma ambako mkamwana anamfulia mzee na hakuna kilichoharibika, lakini si kwetu. Tata ni mzee wa kanisa, Msabato tangu utotoni, na chinsoni ameishika sawa na zile amri kumi.

Wala si ukali, jamani. Nilipopoteza mimba yangu ya pili, alikuja akasimama nje, mbali na mlango, amenipa mgongo, akaimba wimbo mmoja wa kitabuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, peke yake, kisha akarudi kwake. Sijawahi kufarijiwa na mtu namna ile. Kwa hiyo usidhani nilimfanyia hivi mtu niliyemchukia.

Nguo zake zilifuliwa na Nyanchera. Huyo ni mjane wa ng'ambo ya kijito, amenizidi miaka kama kumi na tano, mtu wa taratibu zake. Alikuja kila Jumatatu na mjukuu wake Bochaberi, mtoto wa miaka minne. Za Tata alizifua kwenye beseni la bluu na kuzianika nyuma ya nyumba ya juu. Zetu alizifua kwenye beseni la kijani na kuzianika mbele ya yetu. Kwa miaka sita hakuwahi kuchanganya hata soksi. Jioni aliondoka na maziwa, na mahindi au ndizi kulingana na msimu, na ndivyo yeye na mjukuu walivyoishi.

Wiki ya mwisho ya Agosti mvua ilinyesha kuanzia Jumatatu, nguo zikakaa kwenye kamba bila kukauka. Alhamisi asubuhi nilipanda juu kuokota mayai. Tata alikuwa amepeleka maziwa, au ndivyo nilivyodhani. Nikapita nyuma ya nyumba, na hapo kwenye kamba nikaliona.

Shati jeupe lenye mistari myembamba ya kijani. Pamba tupu, ile ya zamani, inayolala chini ya pasi bila kubishana. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetoboka na kola imechakaa. Mfukoni palikuwa na doa la wino, kwa sababu Tata hutembea na kalamu siku zote. Nililijua shati lile. Kila mtu wa kanisa letu alilijua, Tata amelivaa kila Jumatano ya maombi sijui tangu lini. Naomba ulisikie hilo vizuri: nilijua ni la nani. Nikajiambia limechakaa, hatalikosa. Nikajiambia upepo huchukua nguo. Nikajiambia nikishalikata litakuwa kitambaa tu, na kitambaa hakina mwenyewe. Mtu akitaka kitu, maneno hayamwishii. Nikalianua, nikalikunja, nikaliweka chini ya mayai kwenye kikapu.

Na nilishona, mwenzangu. Sijawahi kushona vile. Nilifumua kila mshono kwa wembe, nikageuza kola upande uliochakaa ukaenda ndani. Mikono niliikata juu ya kile kiwiko kilichotoboka, nikaikusanya kwa lastiki ikavimba kidogo mabegani. Kiunoni nilitia mikunjo miwili kila upande. Mfuko nilitaka kuutoa, lakini ulikaa vizuri mno pale kifuani. Doa la wino nikalizungushia uzi wa kijani, majani manne na shina, likawa ua. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu chumbani.

Jumamosi ile Tata alikuwa amealikwa kuhubiri Ogembo. Ndiyo maana nilithubutu kuivaa blauzi kanisani, sharti la mahali penye watu si lilikuwa palepale. Ibada ya asubuhi ilipita vizuri. Kina mama wawili waliniangalia kifuani kwa muda mrefu kuliko kawaida, mimi nikadhani ni wivu. Nje nikapigwa picha chini ya jua dogo lililojitokeza, nikaituma papo hapo.

Kumbe mkutano wa Ogembo ulikuwa umeahirishwa. Tulipokuwa tunarudi ndani kwa somo la mchana, Tata akaingia kwa mlango wa mbele na Biblia yake, akasimama kusalimia watu. Akasalimia safu ya kwanza. Akafika kwangu, macho yakatua kwenye ule mfuko.

Aliinua Biblia ikamfunika uso, taratibu, akageuka, akatoka kwa mlango uleule. Kanisa zima lilimwona akitoka na kanisa zima likanigeukia. Mtu mmoja nyuma alitamka jina la Tata na neno shati kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini. Nilikaa na mikono imefunika kifua mpaka wimbo wa mwisho, na bado hapo nilikuwa naogopa kuaibika tu. Kutubu kulikuwa mbali.

Haron aliningoja nje. Tulipofika nyumbani akafunga mlango.

"Mama Ian, hilo shati ulilitoa wapi?"

"Kwenye nguo zako," nikasema. "Itakuwa Nyanchera alichanganya."

Sikulipanga. Nakuapia sikulipanga, lilitoka tu, laini, kama uzi unaoingia tundu la sindano mara ya kwanza. Na nilipoona uso wa Haron unalegea kwa nafuu, nikaliongezea. Nikasema nililikuta katikati ya mashati yake. Nikasema lilikuwa limechakaa, ningejuaje. Nikasema Nyanchera siku hizi naona anazeeka.

Haron akapanda juu kuzungumza na baba yake. Jioni ileile Tata aliagiza Nyanchera aambiwe asije tena.

Jumapili kura zilihesabiwa. Blauzi yangu ilipata sita kati ya saba. Jacinta mwenyewe aliandika kwamba lile ua la mfukoni limemmaliza. Nilisoma pongezi zote nikiwa nimesimama jikoni, na kwa mlango nikamwona Nyanchera kwa mbali akishuka njia ya kijito, amebeba kichwani beseni lake dogo ambalo alikuwa analiacha kwetu. Mjukuu alimfuata nyuma. Nikaizima simu. Nilikuwa nimeshinda.

Nilijiambia itapita. Watu watasahau, Nyanchera atapata kwingine. Hakupata. Wanawake wa kanisa ndio waliokuwa wakimwita siku nyingine za wiki, na sasa nani angempa nguo mtu anayemvisha mkamwana shati la baba mkwe wake? Walisema hivyo pale kisimani, kwa kucheka. Mimi nilikuwepo. Nilichota maji yangu nikaondoka.

Tata naye alianza kuchafuka. Sikutarajia hilo, wala sijui kwa nini sikulitarajia. Mtu aliyependa usafi, ambaye kola yake siku zote ilikuwa nyeupe, sasa kola ilianza kuwa na mstari mweusi, kisha ukapanda. Haron alijitolea kuzipeleka nguo mjini zikafuliwe, Tata akasema nguo zake hazitazurura kwenye mabasi. Haron akataka kufua mwenyewe, akaambiwa aache utani. Mimi ndiye niliyekuwa pale kila siku, mwenye mikono miwili, sabuni na maji, na mimi ndiye pekee ambaye hakuruhusiwa. Nilimpelekea chakula nikakiweka kwenye jiwe nje ya mlango, nikakohoa, nikarudi nyuma. Alinishukuru kila siku kwa sauti ileile. Hiyo shukrani ilinichoma kuliko matusi.

Septemba chalenji ilikuwa suruali pana ya kitenge. Nilikata kitambaa kikakaa mezani. Kila nikikaa kwenye cherehani miguu inakataa kukanyaga. Niliwaandikia kwamba naumwa na mgongo.

Kisha Nyanchera akaja dukani. Ilikuwa katikati ya asubuhi, hapana mteja. Alikuja peke yake, Bochaberi hayuko, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilipomwona tu nilijua amekuja kunikabili. Nikaanza kupanga maneno. Nikashika kopo la dawa ya kupe nikajifanya nasoma.

"Mama Ian," akasema, "nimekuja kukuomba msamaha."

Nikaligeuza kopo upande wa pili.

"Nimejaribu kukumbuka ni Jumatatu gani nilichanganya. Sikumbuki. Nimelala nikifikiria, nimeamka nikifikiria. Lakini kama lilikuwa kwenye nguo za Haron, basi ni mkono huu ulioliweka, hakuna mwingine. Nimekuaibisha mbele ya watu, mtoto wa wenyewe. Nisamehe."

Hapo ndipo ningesema. Duka lilikuwa tupu, sisi wawili tu, maneno manne yangetosha. Unajua nilifanya nini? Nilimsamehe. Nilisema, "Ni sawa, yameisha," nikamsamehe Nyanchera kwa kosa langu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, akaenda. Nilibaki nimeshika lile kopo mpaka mwenye duka aliporudi akaniuliza kama nimeona jini.

Tangu siku hiyo sikupata amani hata ya kunywea chai. Nilimjibu Haron vibaya, nikamjibu vibaya mwenye duka, nikagombana na kuku. Nilikuwa nikisikia mtu akitaja beseni nashtuka. Kila nilipofumba macho kusali nilimwona akinishukuru. Nilijichukia, na sisemi hivyo kwa mapambo. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo asubuhi nafunga kilemba haraka haraka nisije nikakutana macho na yule mwanamke.

Jumapili moja ya Oktoba nilipeleka chai ya asubuhi juu. Tata alikuwa kwenye zizi, anakatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Alikuwa amevaa shati la kijivu ambalo mbele yake lilikuwa limekauka kwa maziwa na jasho. Niliiweka chai juu ya jiwe. Safari hii sikukohoa na kuondoka. Nilisimama pale nje ya ua, nikageuza uso upande wa bonde kama inavyotakiwa, na nikasema.

"Tata, Nyanchera hakuchanganya. Nililitoa mimi kwenye kamba. Nilijua ni lako."

Panga liliendelea. Lilikata mara tano, mara sita. Kisha likanyamaza.

"Nilikuona," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, na yeye pia najua alikuwa ametazama kwingine, kwa sababu sauti yake ilikuwa inaenda upande wa ng'ombe. Alhamisi ile alirudi mapema na maziwa kwa kuwa barabara ilikuwa matope. Alikuwa ndani, dirishani. Aliniona nikilianua akafikiri mvua inakuja na mkamwana wake anamsaidia, ingawa si desturi, akaamua kufumba macho. Jumamosi kanisani ndipo akajua lilikoenda.

"Haron alipopanda akaniambia ni Nyanchera," Tata akasema, "mimi nilishukuru. Nilijua ni uongo na nikashukuru. Nilipata mtu wa kubeba aibu ambaye si wa nyumba yangu. Nimekuwa nikingoja uje, kwa sababu mimi sikuweza kuanza."

Nikashika nguzo ya ua. Wiki zote hizo nilikuwa nimejiona mwovu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, na hilo halikunipunguzia hata kidogo. Yeye alikuwa amemfukuza mtu wa watu ili alinde jina langu. Jina la nani, jamani? La mwizi wa kamba.

Akasema tunawe uso, twende.

Tulikwenda yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma. Nyanchera alikuwa nje ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Alipomwona Tata alisimama haraka, akafuta mikono, akaleta kiti. Najua alidhani amekosa tena. Tata alikataa kukaa. Akasema amekuja na neno, lakini mwenye neno ni mimi.

Nikalisema. Nilisema lote, kamba, kikapu, mayai juu yake, jinsi nilivyomwambia Haron, jinsi nilivyosimama pale dukani nikamsamehe. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Ningepewa kofi ningelipokea kwa mikono miwili.

Nyanchera alikaa chini kwenye mahindi yake.

"Kwa hiyo sikuchanganya," akasema.

"Hukuchanganya."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja, mama."

Akaanza kulia, na hakuwa akilia kwa hasira, hilo ndilo lililonimaliza. Alituambia polepole, akitazama mikono yake. Mama yake alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kuchanganya vitu vidogo, chumvi na sukari, nguo za huyu na za yule, na alikuwa na umri kama wa Nyanchera sasa. Mwishowe alisahau moto, na nyumba ikaungua akiwa ndani. Kwa hiyo Nyanchera alipoambiwa kwamba amechanganya na yeye hakumbuki, alijua wakati wake umefika. Alianza kujipima kila siku, kuhesabu vijiko, kurudi mlangoni mara tatu kuangalia jiko. Na katikati ya Septemba alimpandisha Bochaberi gari akampeleka Nakuru kwa baba wa mtoto, kwa mama wa kambo ambaye hamtaki na hajawahi kuficha. Aliogopa kumsahau ndani na moto unawaka.

"Alinililia njia nzima," akasema. "Nilimwambia bibi ni mgonjwa."

Nilikuwa nimejua kwamba nilimwibia kazi na jina. Hili sikulijua, na kutolijua hakukunisaidia kitu.

Nyanchera alijifuta macho kwa ukingo wa leso, akamwangalia baba mkwe wangu.

"Na wewe, mzee, ulijua?"

Tata angeweza kusema hapana. Nakiri niliombea aseme hapana, ili abaki na mtu mmoja wa kumheshimu kwenye boma letu.

"Nilijua," akasema.

Nyanchera akatikisa kichwa kidogo, akavuta karai lake la mahindi karibu. Alisema kesho yake asubuhi na mapema anakwenda Nakuru kumchukua mtoto, kama watampa. Kazi ya kwetu harudi. Akatuomba twende nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikayasema tena, jina langu kwanza. Tata alisimama baada yangu akasema sehemu yake na akauweka chini uzee wake wa kanisa. Haron hakuzungumza na mimi kwa majuma mawili, na nilimpa haki yake. Kwenye kundi niliandika ukweli wa ile blauzi, nikamwambia Purity ushindi wa Agosti ni wa Jacinta, nikatoka. Nyanchera alikuwepo siku ile kanisani, safu ya nyuma, peke yake. Nakuru walikuwa wamemwambia mtoto ameshaandikishwa shule ya huko, na kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyesema hajiwezi, sasa waamini lipi?

Jumatatu asubuhi nilitoka kwenda kazini nikamkuta Tata kando ya zizi. Alikuwa ameinama juu ya ndoo ya kunyweshea ng'ombe, mikono ya shati imekunjwa, anafua. Hakujua kufua. Alikuwa amemwaga sabuni nusu pakiti, maji yamekuwa povu tupu, anasugua kola kwa kiganja kama mtu anayefuta meza. Alisuuza mara moja, akakamua kwa shida, vidole havina nguvu, akaanika shati likiwa linachuruzika povu mpaka chini.

Ningeweza kulisuuza kwa dakika mbili. Aliinua macho akaniona, nikageuza uso upande wa bonde, na nikabaki nimesimama pale na mikono yangu mikavu mpaka akamaliza nguo zote.